Kuwinda masazo ya mlipuko wa gama kutoka Likoni: shajara ya mradi

Novemba, vuli

Mvua haijakata, kwa hiyo mwezi huu kazi imekuwa ya mezani. Naandika kwanza mradi unatafuta nini, ili atakayejiunga nasi baadaye aanze pamoja nasi.

Takriban mara moja kwa siku, mahali pasipotabirika angani, hutokea mmweko wa miale ya gama. Hudumu sehemu ya sekunde au dakika kadhaa, halafu unazimika. Satelaiti za Marekani zilizoitwa Vela, zilizorushwa kuchunguza kama kuna nchi inayolipua mabomu ya nyuklia kwa siri, ndizo zilizonasa mmweko wa kwanza mnamo tarehe 2 Julai 1967, na habari ikachapishwa mwaka 1973. Leo tunajua kwamba mimweko mirefu, ile inayozidi sekunde mbili, kwa kawaida hutoka kwa nyota kubwa mno inayoporomoka kiini chake kikawa shimo jeusi. Mingi ya ile mifupi hutokana na nyota mbili za nyutroni kugongana.

Gama yenyewe haifiki ardhini, angahewa inaizuia. Lakini kinachorushwa na mlipuko, kikienda karibu na kasi ya nuru, hugonga gesi iliyouzunguka na kuifanya ing'ae: kwanza kwa eksirei, kisha kwa nuru ya kawaida, mwisho kwa mawimbi ya redio. Hayo ndiyo masazo tunayoyataka. Bila hiyo nuru huwezi kujua mlipuko umetokea katika galaksi gani wala umbali wake.

Sasa hesabu iliyotufanya tuamini kwamba darubini ya inchi 8 juu ya nyumba ya Likoni ina kazi ya kufanya. Masazo hufifia, kwa makadirio ya kawaida, sawa na muda unavyopita: muda ukizidi mara kumi, nuru inapungua mara kumi, yaani magnitudo 2.5 (magnitudo ni kipimo cha mng'ao: namba ikiwa kubwa zaidi, kitu ni hafifu zaidi). Chukua masazo yenye magnitudo 15 dakika mbili baada ya mlipuko. Baada ya saa 24 yatakuwa karibu na 22. Magnitudo 15 tunaiweza sisi. Ya 22 inahitaji darubini yenye kioo cha mita kadhaa, juu ya mlima, na foleni ya watu wanaoingojea. Kwa hiyo tunashindana na saa. Ukubwa wa kioo hatuna na hatutakuwa nao.

Na mahali tulipo panasaidia. Tuko digrii 4 kusini mwa ikweta, karibu anga yote ya kaskazini na kusini inapita juu yetu. Mashariki ni bahari mpaka Maldivi na Sumatra. Giza linatuingia karibu saa nne kabla ya La Palma, kule Visiwa vya Kanari ambako Ulaya imeweka darubini zake nyingi. Mlipuko ukitokea katika saa hizo nne, wao bado wana jua.

Desemba

Kaskazi imeanza kuvuma na usiku umeanza kuwa safi. Darubini imepanda darini. Tatizo la kwanza ni stendi.

Stendi ya kufuatia nyota ina mhimili unaotakiwa kulala sambamba na mhimili wa dunia. Ukiwa London unauinua digrii 51. Hapa Mombasa unauinua 4 tu, yaani karibu ulale chali. Watengenezaji hawakutufikiria: kichwa cha stendi yetu hakishuki chini ya digrii 20. Ukilazimisha, skrubu inafika mwisho na chuma kinagusana na chuma.

Tulichora kabari ya bamba la chuma yenye mwinamo wa digrii 20, ikae kati ya miguu ya stendi na kichwa. Kichwa kikisomeka 24, mhimili unakuwa 4. Fundi wa kuchomelea kule Changamwe aliutazama mchoro muda mrefu, kisha akaniuliza, "Bwana, hiki kitu kinabeba nini?" Nikamwambia kilo ishirini na kitu, na hakitakiwi kutikisika hata unywele. Akaongeza mbavu mbili za pembeni ambazo hazikuwa kwenye mchoro, akakata kwa grinda, akachomelea kipande kwa kipande akiacha kipoe katikati ili bamba lisipinde. Tulipolipima pembe lilikuwa 19.7. Kilichobaki kinarekebishwa kwa skrubu ya stendi.

Mbavu zile ndizo zilizookoa kazi. Upepo wa jioni kutoka baharini ungeipiga kabari ya bamba tupu na picha zote zingekuwa na nyota zenye mkia.

Jambo la pili hatukuliona kwenye mchoro: mhimili ukilala hivyo, fimbo ya uzito wa kusawazisha inagonga mguu wa stendi kila darubini inapovuka sehemu fulani za anga. Tumegeuza stendi ili mguu mmoja uelekee kaskazini, na Binti anayetuandikia programu ameweka marufuku ndani ya programu: mota haziendi kwenye pembe hizo, zinazunguka upande wa pili.

Kulenga ncha ya anga ni kazi nyingine. Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wetu. Ncha ya kusini iko digrii 4 juu ya upeo, nyuma ya minazi na mapaa, na hata pasingekuwa na minazi hakuna nyota angavu pale. Tunatumia njia ya kungoja nyota iteleze: unaiweka nyota moja iliyo juu kabisa kwenye alama ya katikati, unaitazama dakika kadhaa, ikielea kaskazini unasogeza stendi huku, ikielea kusini unasogeza kule. Halafu unarudia na nyota iliyo chini mashariki, juu ya bahari. Mwalimu wa fizikia aliyemo katika kundi letu anaipenda kazi hii kuliko zote, na ana subira ambayo mimi sina. Kwa picha za sekunde 30, usahihi alioufikia unatosha.

Januari

Umande na chumvi. Kufika saa nne usiku kioo cha mbele kimeloa. Tumezungushia mkanda wa joto unaotumia betri ya volti 12, na umande umekoma. Chumvi ni ya kudumu: kila asubuhi vyuma vinafutwa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu, kisha mafuta kidogo. Kamera inalala ndani ya sanduku la plastiki lenye silika ya kufyonza unyevu, maana kuvu wa Pwani akishaingia kwenye lenzi hatoki.

Mwangaza wa bandari ya Kilindini umechafua anga ya kaskazini-magharibi. Upande wa bahari ndio wetu.

Tumejipima kwa nyota zinazojulikana. Picha moja ya sekunde 30 inafika magnitudo 16.5 kukiwa hakuna mwezi. Tukipandanisha picha 60, inavuka kidogo 18. Uwanja wa kamera ni karibu digrii moja kwa upana, miezi mipevu miwili ikipangwa ubavu kwa ubavu.

Februari

Mwezi huu tumeunganisha arifa. Satelaiti ikinasa mmweko, ujumbe unapitia mtandao wa GCN unaoendeshwa na NASA na kufika kwetu ndani ya sekunde chache. Programu ya Binti inausoma, inapiga hesabu kama mahali pale pako juu ya upeo wa Mombasa na kama kuna giza, kisha inapiga kengele kwenye simu zetu zote.

Si kila arifa tunaifuata. Fermi, satelaiti iliyorushwa mwaka 2008, inanasa mimweko mingi sana lakini chombo chake cha gama mara nyingi hukupa eneo lenye upana wa digrii kadhaa. Hilo halitoshei kwenye uwanja wetu, tungekuwa tunapiga picha za bahati nasibu. Swift, ya mwaka 2004, inatoa duara la dakika chache za tao (dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya digrii, na sekunde ya tao ni sehemu ya 60 ya dakika hiyo), na ikiweza kujigeuza inaongeza mahali pa eksirei kwa usahihi wa sekunde chache za tao. Tunafuata za Swift, pamoja na za satelaiti mpya zenye usahihi wa kutufaa, kama Einstein Probe na SVOM zilizorushwa mwaka 2024.

Kuna jambo ambalo watu wa Pwani wanapaswa kulijua na wengi hawalijui. Data kamili za Swift hushuka ardhini hasa kupitia kituo cha Waitalia kilichoko Malindi. Arifa ya haraka hupita kwa satelaiti nyingine za mawasiliano, lakini zile faili zenyewe wanazozichambua wataalamu dunia nzima zinashukia hapo, safari ya gari ya saa chache kutoka kwetu. Kabla yake kulikuwa na BeppoSAX, satelaiti ya Italia na Uholanzi iliyozunguka karibu kabisa na ikweta, nayo kituo chake cha ardhini kilikuwa hicho hicho cha Malindi. Na kabla ya hapo, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa satelaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei za angani. Ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu ya Kenya. Sayansi hii ilianza na anga yetu. Mimi naiona kama deni, na darubini hii ni sehemu ndogo ya kulilipa.

Kwa mazoezi tulifuata hatua za mlipuko wa tarehe 28 Februari 1997, ule ambao BeppoSAX iliunasa. Ilipogeuzwa saa nane hivi baadaye iliona eksirei inayofifia upande wa Jabari. Kundi la Jan van Paradijs wa Amsterdam lilikuwa na picha ya eneo lile iliyopigwa La Palma chini ya saa 21 baada ya mlipuko, na nyingine ya tarehe 8 Machi. Waliziweka pamoja: nukta iliyokuwepo kwenye ya kwanza haikuwepo kwenye ya pili. Zaidi ya miaka 20 ya ubishi, kwamba je, vitu hivi viko ndani ya galaksi yetu au mbali kabisa, ilianza kumalizika kwa nukta ile moja. Mwezi wa Mei mwaka huo mlipuko mwingine ulipimwa umbali wake na ubishi ukaisha.

Binti alitengeneza programu inayofanya hivyo hivyo: inachukua picha yetu, inaitambua kwa mpangilio wa nyota, inaleta picha ya zamani ya eneo hilo kutoka hifadhi za umma, inazipishanisha. Jicho bado linahitajika. Tumekubaliana kwamba watu wawili watazame kila mmoja peke yake kabla ya kuzungumza.

Suala la saa pia limetulizwa. Shajara ya picha inaandikwa kwa saa ya dunia, UTC. Sisi tunaosema saa tatu usiku tunaongeza tatu tu, inakuwa sita ya jioni, 18:00. Ukizoea ni rahisi kuliko kupitia saa ya simu.

Machi, katikati ya mwezi

Arifa ya kweli imekuja, nasi tuna picha. Naandika kwa mpangilio.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili usiku kengele ililia. Swift, duara la dakika tatu za tao, kundinyota la Simba, juu sana upande wa mashariki. Hakuna mwezi. Mlipuko mrefu. La Palma jua bado halijatua.

Darubini hatuiachi nje, kwa sababu ya chumvi na kwa sababu ya mvua ya ghafla. Kwa hiyo ilibidi kupandisha bomba, kulifunga, kusawazisha, kulenga nyota moja ya kuhakikisha, ndipo programu ikashika. Mwalimu na mimi tulifanya bila kusema neno. Picha ya kwanza ilianza dakika ya 25 baada ya mlipuko. Tukaendelea nusu saa mfululizo.

Mahali pa eksirei hapakuwa pamefika. Satelaiti haikuweza kugeuka mara moja, dunia ilikuwa imeziba njia yake. Ikabidi tutafute ndani ya duara zima, ambamo picha yetu ilionyesha nyota kumi na kitu. Moja baada ya nyingine: ipo kwenye picha ya zamani, ipo, ipo. Halafu karibu na ukingo wa kusini, nukta ya magnitudo 17 hivi ambayo kwenye picha ya zamani haipo. Mwalimu aliiona na kuizungushia alama. Mimi niliiona bila kujua kwamba yeye ameiona.

Sitaificha furaha ya dakika zile. Lakini kanuni ni kanuni: usitangaze kitu kabla ya kukiona kinafifia, na kabla ya kuhakikisha hakisogei. Simba iko kwenye njia ya jua na sayari, na mwezi wa Machi eneo hilo liko kinyume kabisa na jua, ambako sayari ndogo huonekana kwa wingi. Binti aligawa picha makundi mawili, robo saa ya kwanza na robo saa ya mwisho, akayapandanisha kila moja peke yake, akayabadilisha kwenye skrini mbele na nyuma.

"Mjomba, kimesogea."

Kilikuwa kimesogea kuelekea magharibi karibu sekunde tisa za tao, zaidi ya nusu sekunde ya tao kwa dakika, mwendo wa kawaida wa sayari ndogo za kati ya Mirihi na Mshtarii. Tuliuliza hifadhi ya Minor Planet Center, ikatujibu kwamba ndiyo, pale pana sayari ndogo inayojulikana na njia yake imeandikwa. Baadaye mahali pa eksirei palipofika, palikuwa kaskazini mwa duara, mbali na nukta ile. Pale penyewe kwenye picha zetu hapana kitu.

Hapo ndipo wengi wangefunga kitabu. Sisi tulipima hapana-kitu hicho ni kirefu kiasi gani. Tulichukua nyota zilizo karibu zenye magnitudo inayojulikana, tukatafuta ile hafifu kuliko zote tunayoweza kuapa kwamba ipo, tukapata kikomo: kati ya dakika ya 25 na ya 55, hakuna masazo yaliyozidi mng'ao wa magnitudo 18.3 kwa kichujio chekundu. Sentensi hiyo ina saa, ina mahali, ina namba. Mtu anayechora jinsi mlipuko ule ulivyofifia anaweza kuiweka kwenye mchoro wake kama mshale unaoelekea chini, na mchoro wowote unaopita juu ya mshale ule umeshakataliwa.

Machi, siku zilizofuata

Darubini kubwa zimeyapata masazo. Takriban saa sita baada ya mlipuko yalikuwa magnitudo 21, mahali pale pale pa eksirei.

Tukapiga hesabu ya kurudi nyuma. Kutoka dakika 360 kwenda dakika 40, ambayo ni katikati ya picha zetu, ni mara tisa, magnitudo 2.4. Basi wakati wetu yalikuwa karibu 18.6. Kikomo chetu ni 18.3. Vinakubaliana vizuri, na tofauti ni ndogo mno.

Halafu Mwalimu akaandika mstari wa pili ubaoni. Dakika ya nne baada ya mlipuko, kwa hesabu ile ile, magnitudo ilikuwa karibu 16.1. Hiyo tungeiona kwenye picha moja ya sekunde 30, bila kupandanisha chochote, kwa kioo hiki hiki. Ni kweli kwamba dakika za mwanzo hazifuati kanuni siku zote, yapo masazo yanayopanda kwanza ndipo yashuke, na mengine yamefunikwa na vumbi la galaksi yao hayaonekani kabisa. Hata hivyo hesabu inatosha kutuambia tufanye nini na fedha kidogo tulizonazo. Lilikuwapo wazo la kununua kioo cha inchi 12. Tumeliweka kando. Kioo hicho kingetuongezea chini ya magnitudo moja. Kukata dakika 20 kunatuongezea karibu 1.7.

Nimetazama pia milipuko mashuhuri ingetukuta wapi. Ule wa tarehe 19 Machi 2008, uliong'aa kwa muda usiofika dakika moja kiasi cha kuweza kuonekana kwa macho matupu kutoka umbali wa miaka ya nuru bilioni 7.5, ulitokea saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi kwa saa zetu. Jua. Lakini ule wa tarehe 9 Oktoba 2022, wenye nguvu kuliko wote uliowahi kupimwa, ulifika saa kumi na robo alasiri. Swift iliuona karibu saa moja baadaye, na kwa kuwa ulikuwa nyuma ya vumbi la Njia Nyeupe walidhani kwanza ni kitu cha ndani ya galaksi yetu. Jua lilipozama Mombasa, mahali pale palikuwa juu kabisa upande wa kaskazini. Mwezi ulikuwa mpevu, lakini masazo yalikuwa karibu na magnitudo 17. Anga ya aina hiyo ikitujia tena nataka tuwe tumeshafunguka.

Aprili

Kusi imegeuka na masika yameingia. Darubini imeshushwa, vioo vimefungwa na silika mpya. Hatutapiga picha kabla ya Agosti isipokuwa usiku wa bahati.

Kazi ya miezi hii ni kibanda. Kitakuwa cha futi sita kwa sita, kuta za mbao za mkoko na mabati yaliyopakwa rangi nyeupe, na paa linaloteleza kwa magurudumu juu ya reli mbili kuelekea magharibi, ili likifunguka lisizibe upande wa bahari. Mota ya geti ya kawaida inatosha kulivuta. Kihisi cha mvua kitakuwa na amri ya juu kuliko programu yoyote: tone moja na paa linafunga, hata kama mlipuko wa karne uko katikati ya picha. Bi mwenye nyumba ameridhia mradi mabati yasipige kelele usiku wakati wa upepo, kwa hiyo tunaweka vipande vya mpira chini ya kila ukingo.

Darubini itabaki imefungwa kwenye kabari, imesawazishwa, imelengwa, ina umeme. Arifa ikija, paa linafunguka lenyewe, mota zinageuka, picha ya kwanza inapigwa kabla yeyote kati yetu hajapanda ngazi. Lengo tulilojiwekea ni dakika tatu.

Fundi wa Changamwe amekubali kuzikata reli. Ameomba vipimo kufika Ijumaa, na Mwalimu anavichora upya kwa sababu upande mmoja wa dari umeinama sentimita mbili.